Gredi Inapogeuka Hukumu

Mwishoni mwa mwaka 2002, wahadhiri wa uhasibu katika Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, walishuku kwamba kuna wanafunzi wanaotumiwa majibu kwa ujumbe wa simu wakiwa ndani ya chumba cha mtihani. Wakatega mtego. Mtihani ulipoanza tu, waliweka mtandaoni majibu ya uongo, kisha wakangoja. Karatasi zilipokusanywa, baadhi zilikuwa na makosa yale yale waliyoyapanda wao. Wanafunzi 12 walishukiwa, na sita kati yao wakakiri.

Maryland ilikuwa tayari na gredi ya pekee kwa kosa la aina hii: XF. Herufi F inasema umefeli somo. X iliyotangulia inataja sababu, na kwenye transkripti, yaani rekodi rasmi ya matokeo, sababu hiyo huandikwa kwa maneno kamili: kufeli kwa sababu ya udanganyifu wa kitaaluma. Anayeishika transkripti hiyo, awe mwajiri au afisa wa udahili wa chuo kingine, hana haja ya kuuliza ilikuwaje.

Vyuo vingine vina herufi zao. Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, kilichoanzisha mfumo wake wa uadilifu mwaka 1999, nacho kinatumia XF. Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, ambako gredi ya kufeli ni E, kinatumia XE. Simon Fraser ya Kanada ilileta FD mwaka 2009. Kihesabu gredi hizi zote ni sifuri, na zinaishusha GPA, yaani wastani wa gredi za mwanafunzi, kama F nyingine yoyote. Uzito wake uko kwingine. Pale Maryland, mwenye XF haruhusiwi kukiwakilisha chuo katika shughuli za nje ya darasa, wala kugombea au kushika uongozi katika chama cha wanafunzi, mpaka X hiyo iondolewe.

Wengi wanaoisikia gredi hii kwa mara ya kwanza huiona kama chapa ya moto kwenye ngozi ya mtoto wa watu. Nami niliiona hivyo. Siku hizi naiona tofauti, na kilichonibadilisha ni F moja niliyoitoa mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, bila X yoyote.

Nilikuwa nasahihisha kazi za takwimu usiku. Kazi mbili zilizotoka kwa wanafunzi wawili tofauti zilikuwa na jedwali lenye kosa moja: safu ya tatu ilikuwa imejumlishwa pamoja na namba ya mwaka, kana kwamba 1998 nayo ni idadi ya watu. Mtu mmoja anaweza kukosea hivyo. Wawili hawawezi kukosea hivyo kwa bahati, tena katika safu ile ile, halafu wote wakaandika aya nzima kueleza kwa nini jumla imekuwa kubwa. Nilimwita niliyeamini kuwa ndiye aliyenakili. Alikaa kimya, macho yakiwa sakafuni, kisha akasema, "Samahani, mwalimu." Nikamwambia nitampa F na habari itaishia hapo ofisini. Alinishukuru. Tulimalizana.

Nilijiona mtu wa huruma. Miaka kadhaa baadaye ndipo nilipotambua nilichokuwa nimekifanya. Kijana yule alikuwa na alama nzuri katika majaribio yote mawili ya darasani, ambayo aliyafanya mbele ya macho yangu. Takwimu alizijua. Aliiba kazi moja, pengine kwa sababu ya haraka au uvivu, na mimi nikaandika kwenye rekodi yake ya kudumu kwamba somo lenyewe hakulielewa. Gredi ile ilisema jambo lisilo kweli juu ya elimu yake, na jambo la kweli juu ya mwenendo wake ililificha.

Hapo ndipo ninapoona udhaifu wa F ya kimya. Gredi ni kauli. Inamwambia mtu asiyekujua kiasi gani cha somo umekishika. Tukiigeuza kuwa fimbo, inaacha kusema hivyo, na msomaji wa transkripti hana namna ya kujua ni F ipi inapima elimu na ni ipi inayoadhibu. Chukua wanafunzi wawili wenye F katika kemia. Mmoja aliugua nusu ya muhula akashindwa kufikia wenzake. Mwingine alimlipa mtu amfanyie mtihani. Kwenye karatasi ni mapacha. Yule mgonjwa amebebeshwa nusu ya aibu ya mwenzake bila kujua, na mdanganyifu anajificha nyuma ya mgongo wa mgonjwa.

Tena F ya kimya inafutika kirahisi mno. Vyuo vingi vya Marekani humruhusu aliyefeli kurudia somo, kisha gredi mpya ikachukua nafasi ya ile ya zamani katika hesabu ya GPA. Utaratibu huo ni mzuri, uliwekwa kwa ajili ya yule aliyeugua. Pasipo alama ya pekee, aliyedanganya anapita katika mlango huo huo. Kuna na mlango wa pili: mwanafunzi akishajua kuwa amekamatwa, hukimbilia kujiondoa katika somo kabla uamuzi haujatoka, ili pawe na W tu, alama ya aliyejiondoa. Ndiyo maana vyuo vilivyo makini huzuia mtu kujiondoa katika somo ambalo kuna shauri lake.

Lakini hasara kubwa ya kumalizana ofisini ni kwamba hakuna anayejumlisha. Mwanafunzi anaweza kusamehewa na mhadhiri wa takwimu, akasamehewa na wa historia, akasamehewa na wa uchumi, na kila mmoja akaamini kuwa ameshughulika na kosa la kwanza. Marehemu Donald McCabe wa Chuo Kikuu cha Rutgers, aliyetumia zaidi ya miaka 20 akitafiti udanganyifu vyuoni, alionyesha mara kwa mara kwamba wahadhiri wengi wanaouona udanganyifu hawauripoti. Hawataki usumbufu wa makaratasi, hawataki ugomvi, au wanaogopa kwamba adhabu rasmi itakuwa kali kuliko kosa. Mimi nilikuwa na sababu zote tatu.

Kwa hiyo naikubali X. Inasema kweli mahali ambapo F peke yake inasema uongo. Shida yangu na X inaanza pale vyuo vinapoipenda herufi na kuzembea taratibu zinazopaswa kuisindikiza. Maana ukishaandika sababu, umetoka katika kazi ya kusahihisha na kuingia katika kazi ya kuhukumu, na hukumu ina masharti yake.

Sheria ya Marekani iliiona tofauti hii kabla vyuo havijaanza kugawa XF. Mwaka 1975, katika kesi ya Goss na Lopez, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema wanafunzi wa shule za umma za Ohio waliosimamishwa masomo kwa utovu wa nidhamu walistahili kuelezwa tuhuma zao na kupewa nafasi ya kujieleza. Miaka mitatu baadaye, katika kesi ya Horowitz, mwanafunzi wa udaktari huko Missouri aliyeondolewa chuoni kwa sababu ya utendaji dhaifu katika mafunzo ya wodini, mahakama hiyo hiyo ilisema uamuzi wa kitaaluma ni kitu kingine. Kujua kama mtu anafaa kuwa daktari ni kazi ya walimu wake, na hauhitajiki usikilizaji wa aina ile inayotakiwa kwenye nidhamu.

XF inasimama katikati ya kesi hizi mbili. Sura yake ni ya Horowitz: ni gredi, imo katika safu ya gredi, imetoka kwa walimu. Moyo wake ni wa Goss: inasema ulifanya kosa. Hatari iko hapo. Chuo kikitaka, kinaweza kuivalisha hukumu nguo za gredi ili kukwepa kumsikiliza mtu. Mhadhiri mmoja, saa tano usiku, akiwa na rundo la karatasi na hasira yake, anaweza kumfanya mtu kuwa mwizi kwa kubonyeza herufi mbili. Maryland iliepuka hilo kwa kuyapeleka mashauri kwenye jopo lenye wanafunzi na wahadhiri kwa pamoja. Mshtakiwa huyajua madai na husikilizwa. Mhadhiri analeta ushahidi, haleti hukumu. Chuo kisichoweza kugharimia jopo la namna hiyo hakistahili kuwa na X.

Nasema hivyo kwa msisitizo kwa sababu ushahidi wenyewe umekuwa kitu cha kuyumba. Zamani tulikuwa na karatasi mbili zenye kosa moja, au kijikaratasi kilichokutwa kwenye soksi. Tangu ilipotoka ChatGPT, programu ya akili mnemba inayoandika kama mtu, Novemba 2022, mashauri mengi yanategemea namba iliyotolewa na programu inayokisia kama maandishi ni ya mtu au ya mashine. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walizijaribu programu saba za namna hiyo kwa kutumia insha 91 za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza cha wageni, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, insha 61 katika kila 100 zilihesabiwa kuwa za mashine. Zilikuwa za watu. Sababu inaeleweka: programu hizo hushuku maandishi yenye maneno ya kawaida na sentensi zinazotabirika, na hivyo ndivyo anavyoandika mtu mwangalifu katika lugha aliyojifunza darasani. Kila anayesoma makala hii na aliyewahi kuandika tasnifu kwa Kiingereza cha kuokoteza sentensi moja moja anaelewa ninachokisema. Adhabu ingemkuta kwa kosa la kuandika kwa tahadhari.

Chuo Kikuu cha Vanderbilt kilipiga hesabu. Mwaka 2022 kilikuwa kimepitisha kazi 75,000 kwenye Turnitin, programu ya kukagua kazi zilizonakiliwa. Kampuni hiyo ilipoleta kipimo chake cha akili mnemba mwaka 2023, ilidai kwamba kinamshuku asiye na hatia kwa kiwango cha chini ya asilimia moja. Asilimia moja ya 75,000 ni kazi 750. Agosti 2023 Vanderbilt ikakizima kipimo hicho. Asilimia moja inasikika ndogo mpaka uitafsiri kuwa watu wenye majina, kila mmoja akiwa ameitwa ofisini.

Na kuna kisa cha Mei 2023 katika chuo cha Texas A&M kilichoko Commerce. Mhadhiri mmoja alizichukua insha za wanafunzi wake, akazibandika ndani ya ChatGPT, akaiuliza kama ndiyo iliyoziandika. Mashine ikajibu ndiyo kwa nyingi, ingawa haina uwezo wa kulijua hilo. Darasa likaambiwa litapewa X, wakati baadhi yao wakiwa wamevaa tayari majoho ya mahafali. Chuo kilieleza baadaye kwamba hakuna aliyefelishwa wala kuzuiwa kuhitimu, na kwamba baadhi ya wanafunzi walisafishwa kabisa. Kikaeleza pia kwamba X ya pale si X ya Maryland. Pale Commerce, X maana yake ni somo ambalo halijakamilika.

Hili la mwisho watu walilipita haraka, nami nafikiri ni zito. Herufi ile ile katika chuo kimoja ni "bado", katika kingine ni "mdanganyifu". Ukiisafirisha transkripti kwenda nchi nyingine, afisa wa udahili anayesoma FD ya Simon Fraser anaweza kuichukua kama aina ya D, au XE akaiona kama kosa la uchapaji. Kuna atakayepuuza jambo zito, na kuna atakayeogopa jambo dogo. Ndiyo sababu desturi ya Maryland ya kuandika maneno kamili inanipendeza kuliko ufundi wa kubuni herufi. Kama chuo kinaona haya kuyaandika maneno yenyewe kwenye rekodi ya mtu, basi pengine hakina uhakika na hukumu yake.

Kuna hoja dhidi ya X ambayo sina jibu lake kamili, na sitaki kuipita. Mwaka 1964 William Bowers alichapisha utafiti uliohusisha wanafunzi zaidi ya 5,000 katika vyuo 99 vya Marekani. Takriban robo tatu yao walikiri kufanya udanganyifu wa aina moja au nyingine angalau mara moja. McCabe alipovirudia baadhi ya vyuo hivyo miaka 30 baadaye, hali haikuwa njema. Ikiwa wanaodanganya ni wengi kiasi hicho, basi X haiwatenganishi wadanganyifu na waadilifu. Inawatenganisha waliokamatwa na ambao hawajakamatwa. Na anayekamatwa kwa kawaida si fundi. Fundi hanakili kosa la jedwali. Fundi humlipa mtu amwandikie kazi mpya kabisa. X huwaangukia wenye hofu na wasio na pesa kuliko wazoefu.

Hoja hiyo hainifanyi niitupe X, lakini inanifanya nikatae kuiona kama maelezo ya tabia ya mtu. X ieleze tendo moja, katika somo moja, muhula mmoja. Na kitu kinachoeleza tendo moja lazima kiwe na mwisho.

Chuo Kikuu cha Virginia kimeishi na mfano wa kinyume. Mfumo wake wa heshima, unaotegemea ahadi ya mwanafunzi kwamba hatadanganya, ulianza mwaka 1842, miaka miwili baada ya mwanafunzi kumpiga risasi profesa na kumuua, na kwa vizazi vingi ulijulikana kwa adhabu moja tu kwa kosa lolote: kufukuzwa. Anayenunua tasnifu na anayechungulia swali moja la jaribio walikuwa sawa. Machi 2022 wanafunzi wenyewe walipiga kura kuiondoa adhabu hiyo. Nawaelewa. Kipimo kikiwa kimoja, na kikiwa kizito kupita kiasi, mwenye roho ya kawaida hukataa kukitumia, na hapo tunarudi kwenye kumalizana ofisini.

XF ni ya kati na kati, na ubora wake mkubwa ni kwamba inaweza kuondolewa. Pale Maryland, baada ya miezi 12, mwanafunzi anaweza kuandika maombi kwa baraza la uadilifu. Anatakiwa awe amehudhuria semina ya uadilifu na asiwe na kosa jingine. Baraza likikubali, X inatoka na F inabaki. Kansas nayo ina kozi ya uadilifu inayofungua njia hiyo hiyo. Simon Fraser ilichagua saa badala ya maombi: FD huondoka miaka miwili baada ya kuhitimu. Kati ya hizi mbili naupenda mtindo wa maombi, kwa sababu saa haimwulizi mtu chochote. Barua ya maombi inamlazimisha akae chini, aandike alichofanya, akiite kwa jina lake.

Lakini hata Maryland inanikwaza mahali pamoja. X ikiondoka, inabaki F, na F hiyo inarudia uongo ule ule niliouandika mimi kwa yule kijana: kwamba hakulijua somo. Huenda alilijua, huenda hakulijua, hakuna aliyempima. Ningependa X isimame peke yake, bila F nyuma yake. Isomeke: matokeo yamefutwa kwa sababu ya udanganyifu. Somo hilo lihesabiwe kuwa halijafanywa. Muda wa adhabu ukiisha, alirudie kwa jasho lake, na gredi atakayoipata iwe ndiyo gredi. Wenye kutaka adhabu ya GPA watasema hiyo ni laini mno. Mwanafunzi aliyepoteza muhula mzima, aliyelipa karo mara mbili kwa somo moja, aliyetembea mwaka mzima na maneno hayo kwenye transkripti, sidhani kama atakubaliana nao. Rekodi ya ndani, isiyoonekana na watu wa nje, ibaki hata baada ya hapo, ili anayerudia kosa asijidai mgeni.

Nafikiria ingekuwaje kama siku ile ningempeleka yule kijana kwenye jopo badala ya kumfungia mlango wa ofisi. Angesikilizwa. Labda angeeleza jambo ambalo sikumuuliza, maana sikumuuliza chochote. Nilimwonyesha majedwali mawili na "samahani" yake ikanitosha. Sijui hata kama ni yeye aliyenakili au ni yeye aliyenakiliwa. Angeweza kuombewa X yake iondolewe, na kufikia leo ingekuwa imeshatoka. F niliyompa mimi haina pa kuombewa. Haikuandikwa sababu, haikupitia kikao, haina faili. Kwenye karatasi ya chuo ni mwanafunzi tu ambaye takwimu zilimshinda.